Mungu Alipita Peke Yake Kati ya Vipande

Bwana Yesu asifiwe! Bwana Yesu asifiwe tena!

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, akina baba, vijana, nanyi watoto mliokaa hapa mbele, nawasalimu wote katika jina la Bwana.

Leo tunazungumza habari ya ahadi za Mungu, na haki ile inayopatikana kwa imani. Naomba tuende polepole, Biblia zikiwa mkononi. Fungua Mwanzo 15, weka kidole hapo. Halafu tafuta Warumi 4, weka kidole kingine huko. Tutakuwa tunakwenda na kurudi kati ya sura hizo mbili, kwa sababu Mtume Paulo alipotaka kueleza mtu anavyopata haki mbele za Mungu, hakuanza na jambo jipya. Alirudi kwa mzee Abrahamu.

Nina swali kwanza. Mtu akikuuliza leo, "Una hakika gani kwamba Mungu atakupokea?" utamjibu nini? Mmoja atasema, nimeokoka miaka mingi sasa. Mwingine atasema, mimi naomba sana, natoa fungu la kumi, ibada siikosi. Na yupo atakayenyamaza, maana juzi tu alifanya jambo analolionea aibu. Sasa angalieni, ndugu zangu. Waliojibu na aliyenyamaza, wote wametazama mahali pamoja. Wamejitazama wenyewe. Ndiyo maana huyu anajivuna na yule anakata tamaa, kumbe ugonjwa wao ni mmoja.

Twende kwa Abramu, ndilo jina la kwanza la Abrahamu. Alitoka Harani akiwa na umri wa miaka 75, ameahidiwa kwamba atafanywa taifa kubwa, naye hana mtoto hata mmoja. Tunapofika sura ya 15 miaka imekwenda, na mzee ameanza kupanga urithi kama apangavyo mtu aliyeona mambo yameshindikana: mali yote itamwendea Eliezeri, Mdameski, mtu wa nyumbani mwake. Anamwambia Mungu waziwazi, "Hukunipa uzao." Maombi ya namna hiyo sisi tungeyaita ukosefu wa imani. Mungu hakumkemea. Alimtoa nje usiku, akamwambia atazame mbinguni azihesabu nyota kama anaweza, akamwambia ndivyo utakavyokuwa uzao wako. Ndipo unakuja mstari wa 6, someni pamoja nami: "Akamwamini BWANA, naye akamhesabia jambo hili kuwa haki."

Usiku ule Abramu alifanya nini? Alijenga madhabahu? Hatusomi hivyo. Alifunga? Alitoa sadaka? Aliahidi kubadilika? Alisikia neno la Mungu, akalishika kuwa ni kweli, basi. Na haki ikahesabiwa upande wake.

Paulo anaiangalia kalenda kama mwanasheria. Anauliza katika Warumi 4:10, alihesabiwa haki lini? Alipokwisha kutahiriwa, au kabla? Tufanye hesabu hiyo wenyewe. Ishmaeli alizaliwa Abramu akiwa na miaka 86, na tunasoma hayo katika sura ya 16. Tohara ilikuja sura ya 17, alipokuwa na miaka 99. Basi mtu huyu alikuwa amehesabiwa haki miaka isiyopungua 13 kabla kisu cha tohara hakijamgusa. Torati je? Wagalatia 3:17 inasema ilikuja miaka 430 baadaye. Kama haki ingetoka katika tohara, Abrahamu aliipata kabla ya wakati. Kama ingetoka katika torati, alikufa bila kuiona. Je, alikufa bila haki? Hasha!

Kisha Paulo anatoa mfano ambao kila mmoja wetu anauelewa. Kibarua aliyechimba msingi wa nyumba tangu Jumatatu, Jumamosi jioni akipewa hela yake, hasemi, "Asante kwa zawadi." Ni yake! Asipolipwa atakwenda kushtaki. Warumi 4:4 inasema hivyo: kwa mtu afanyaye kazi, ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni. Sasa niambieni, nani kati yetu anataka kusimama mbele za Mungu kama kibarua anayedai? Nani ana kazi ya kumwonyesha? Mstari wa 5 ndio uzima wetu: kwa mtu asiyefanya kazi, bali anamwamini yeye "ambaye amhesabia haki asiye haki", imani yake imehesabiwa kuwa haki.

Msipite hapo haraka. Amhesabia haki nani? *Asiye haki.* Hapa msomaji makini wa Biblia lazima ashtuke, maana Mithali 17:15 inafundisha kwamba anayemwambia mwovu kuwa ana haki ni chukizo kwa Bwana. Hakimu anayemwachia mwizi huku ushahidi uko mezani tunamwita hakimu mla rushwa. Sasa Mungu, Mwamuzi wa ulimwengu wote, anawezaje kufanya jambo ambalo yeye mwenyewe amelikataza? Swali hilo si dogo. Wengi wetu tumelirukia kwa kusema Mungu ni upendo. Ndiyo, ni upendo, lakini upendo wake haukuvunja haki yake. Jibu linaanza kuonekana katika sura hiyohiyo ya 15, mistari michache mbele.

Mstari wa 6 Abramu ameamini. Mstari wa 8 anauliza, "Nitajuaje ya kwamba nitairithi?" nchi hii. Ameamini, na bado ana swali! Kijana uliyekaa hapa ukidhani kwamba kuuliza ni dhambi, soma mistari hiyo miwili pamoja. Na Mungu alijibu swali lile kwa kuagiza wanyama: mtamba wa miaka mitatu, mbuzi jike wa miaka mitatu, kondoo dume wa miaka mitatu, hua, na kinda la njiwa. Abramu akawapasua vipande viwili, wale ndege hakuwapasua. Akapanga kila kipande kuelekea mwenzake, katikati pakabaki njia.

Waliowahi kuchinja ng'ombe wanajua kupasua mtamba mzima kutoka kichwani hadi mkiani ni kazi ya namna gani. Damu imetapakaa, nzi wamejaa, jua linawaka. Tai wakashuka juu ya mizoga, na mzee akashinda akiwafukuza. Neno la Mungu limetulia kimya, na yeye anapunga mikono kufukuza tai. Kungoja ahadi kunafanana hivyo siku nyingi.

Kwa nini kupasua wanyama? Abramu hakuhitaji kuelezwa, alizijua desturi za watu wa zama zake. Sisi tunaelezwa na Yeremia 34. Nebukadreza, mfalme wa Babeli, amezingira Yerusalemu. Katika Yuda miji yenye maboma iliyosalia ni Lakishi na Azeka tu. Mfalme Sedekia na wakuu wake, kwa hofu, wanafanya agano kuwaachia huru watumwa wao Waebrania. Wanakata ndama vipande viwili, wanapita katikati yake. Maana yake: nikivunja agano hili, nami nifanywe kama ndama huyu. Kisha jeshi la Misri likatoka, Wakaldayo, jeshi la Babeli, wakaondoka kwa muda, hofu ikapungua. Wakafanya nini? Wakawakamata tena watumwa walewale! Mungu akasema atawatia mikononi mwa adui zao, na mizoga yao itakuwa chakula cha ndege na wanyama. Walipita wenyewe kati ya vipande, na neno walilojitamkia likawapata.

Rudini sasa Mwanzo 15. Ni nani angetakiwa kupita? Kwa desturi, anayefunga agano hupita. Abramu alipaswa kujiandaa. Lakini jua lilipokuwa likichwa, usingizi mzito ukamshika. Mungu akamlaza! Likawa giza, na tazama, tanuru ya moshi na mwenge unaowaka vikapita kati ya vile vipande. Nani amepita? Mungu. Abramu yuko wapi? Amelala. Hakuinua mguu. Mungu alipita peke yake. Alilichukua agano lote begani mwake, kama kwamba anasema, ahadi hii ikivunjika, kilichompata mtamba huyu na kinipate mimi.

Na ahadi haikuvunjwa na Mungu. Sisi ndio tuliovunja. Lakini Wagalatia 3:13 inatuambia kwamba Kristo alitukomboa katika laana ya torati, kwa kuwa alifanywa laana kwa ajili yetu. Laana ilitakiwa itupate sisi, ikampata yeye, Ijumaa ile, juu ya mti. Ndiyo maana Mwamuzi anaweza kumhesabia haki asiye haki na bado akabaki mwenye haki. Ushahidi haukufichwa, hukumu haikufutwa. Ilitekelezwa. Warumi 4 inafunga kwa kusema Yesu "alitolewa kwa ajili ya makosa yetu, na kufufuliwa ili mpate kuhesabiwa haki." Kufufuka kwake ni hati kwamba malipo yamepokelewa. Mnasemaje, wapendwa?

Sasa nataka kusema jambo linaloniuma, na mnivumilie.

Abramu aliyeamini katika sura ya 15, katika sura ya 16 anajaribu kuisaidia ahadi. Miaka kumi imepita Kanaani, Sarai hazai, wakaona wamtumie Hagari, mjakazi Mmisri. Ilikuwa desturi ya watu wa nyakati zao, jirani asingeshangaa. Lakini Hagari hakuulizwa. Alipewa kama chombo, akapata mimba, akateswa, akakimbilia jangwani akiwa mjamzito. Malaika wa Bwana alimkuta penye chemchemi, na mama yule alimwita Mungu "Mungu uonaye". Kila mara tunapojaribu kuibeba ahadi ya Mungu kwa mbinu zetu, kuna mtu anayeumia, na mara nyingi ni yule asiye na sauti nyumbani mwetu.

Leo mbinu hiyo imevaa nguo nyingine. Unaambiwa, panda mbegu ya laki moja upokee gari. Nunua mafuta haya, nunua maji haya, mlango wako utafunguka. Mama anachukua ada ya mtoto anaiweka madhabahuni. Mtoto anarudishwa shule, nyumba ina njaa, na muujiza usipokuja anaambiwa imani yako ilikuwa ndogo. Ndugu zangu, hilo siyo la kunyamazia! Ahadi ikishalipiwa imegeuka kuwa ujira, na Paulo ameshatuambia ujira ni deni. Mungu hana deni kwa mtu yeyote. Sadaka tunatoa, na tutoe kwa furaha, kwa ajili ya kazi ya Mungu na kwa maskini, kwa kuwa tumekwisha kupewa. Mtu akikuuzia alichotoa Mungu bure, usimpe hata senti.

Vivyo hivyo na kufunga. Funga, ndugu, Bwana wetu alifunga. Lakini siku 21 za kufunga hazimsukumi Mungu kutimiza alichoahidi, wala hazikuongezei haki hata chembe. Tunafunga ili sisi tutulie tumsikilize.

Makosa mengine yako katika kusoma kwenyewe. Kuna mstari mmoja tunaupenda mno, umeandikwa kwenye daladala, kwenye matatu, kwenye kalenda za ukutani: Yeremia 29:11, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi." Ni neno la kweli na zuri. Sasa rudi mstari mmoja tu nyuma, mstari wa 10. Unasema nini? Babeli itakapotimiziwa miaka 70! Ile ilikuwa barua, Yeremia aliituma kutoka Yerusalemu kwa watu waliochukuliwa mateka pamoja na mfalme Yekonia. Mtu wa miaka 40 aliposikia barua ile ikisomwa, alijua atazikwa Babeli. Ahadi ilikuwa ya kweli, na ilikuwa kwa ajili ya wajukuu wake.

Je, watu waliipenda habari hiyo? Sura ya 28 inatuonyesha nabii mwingine, Hanania mwana wa Azuri, kutoka Gibeoni. Huyu alisimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba katika muda wa miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana vitarudi na mateka watarudi. Miaka miwili! Yeremia akasema, "Amina, Bwana na afanye hivi." Alitamani iwe hivyo! Kisha Hanania akaichukua nira ya mti shingoni mwa Yeremia, akaivunja mbele ya watu. Lakini Bwana hakumtuma Hanania. Alisema hayo mwezi wa tano, akafa mwezi wa saba, mwaka uleule. Na mateka waliomwamini Hanania wangefanya nini? Wasingejenga, wasingepanda, wangekaa na mizigo imefungwa. Barua ya kweli iliwaambia kinyume chake: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, mzae wana na binti, mwuombee amani mji ule.

Kwa hiyo ukikutana na ahadi katika Biblia, fanya hivi. Soma sura nzima kabla hujauchukua mstari. Uliza ameambiwa nani: ni mtu mmoja, ni taifa la Israeli, au ni wote wamwaminio Kristo? Isaka aliahidiwa kwa Sara, hakuahidiwa kila mwanamke tasa, na tumewaumiza dada zetu wengi kwa kuwaahidi alichoahidiwa Sara. Tazama kama kuna sharti, kama katika 1 Yohana 1:9, "Tukiziungama dhambi zetu". Tazama wakati: sasa, baadaye, au katika ufufuo? Halafu ilete kwa Kristo, kwa sababu 2 Wakorintho 1:20 inasema ahadi zote za Mungu zilizopo katika yeye ni Ndiyo. Ukiisha kufanya hivyo utagundua kwamba ahadi zisizo na shaka juu yako ni nyingi kuliko ulivyodhani. "Wala ye yote anijiaye sitamtupa nje kamwe," Yohana 6:37. "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu," Warumi 8:1. Hizo hazingoji miaka 70. Ni zako leo hii.

Na hapa niseme habari ya dawa, kwa kuwa kuna watu wanapotea. Hakuna ahadi yoyote katika Biblia inayomwambia mgonjwa aache vidonge ili athibitishe imani. Mfalme Hezekia alipougua, Mungu mwenyewe alimwahidi kupona na akamwongezea miaka 15. Ahadi gani iliyo wazi kuliko hiyo? Na bado Isaya akaagiza mkate wa tini, ukawekwa juu ya jipu, akapona. Soma 2 Wafalme 20:7. Nabii hakuona aibu ya tini, wewe usione aibu ya kliniki. Dawa ya kifua kikuu kwa kawaida inamezwa miezi sita. Ukiacha mwezi wa pili kwa kuwa kikohozi kimekoma, vijidudu vilivyobaki vinaweza kuwa sugu, na utawaambukiza wanao. Vidonge vya kufubaza virusi vya UKIMWI vinamezwa kila siku, maisha yote. Insulini usiiache hata siku moja. Mchungaji anayekuambia acha, mwambie hapana, kwa heshima, na uendelee kumeza.

Tuzungumze sasa habari ya kungoja. Kuanzia miaka 75 hadi 100, Abrahamu alingoja mwana kwa miaka 25. Nchi je? Nchi hakuipata. Stefano anasema katika Matendo 7 kwamba Mungu hakumpa humo urithi hata kiasi cha kuweka mguu. Sara alipokufa Hebroni, akiwa na miaka 127, mume aliyeahidiwa nchi yote ile alisimama mbele ya wana wa Hethi kuomba mahali pa kumzika mkewe. Akampimia Efroni shekeli 400 za fedha, akanunua shamba lenye pango la Makpela. Fikirini. Kipande cha kwanza cha nchi ya ahadi ambacho Abrahamu alikuwa na haki nacho kilikuwa kaburi. Je, aliona Mungu amemdanganya? Alimzika mkewe katika nchi ileile. Hakumrudisha Harani. Kaburi lile lilikuwa imani.

Pwani yetu inajua jambo la namna hiyo. Mwaka 1844 mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa na mkewe Rosine. Mwezi Julai, mwaka huohuo, Rosine akafa kwa homa muda mfupi baada ya kujifungua, na kitoto kile cha kike kikamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alizika upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Kisha akawaandikia waliomtuma kwamba sasa lipo kaburi la mmisionari katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hiyo ni dalili kuwa saa imekaribia ya Injili kuingia kutokea upande huu. Mtu amezika mke na mtoto, anaandika hivyo! Na mwaka uleule alianza kufasiri Biblia kwa Kiswahili. Alianza na kitabu gani? Mwanzo. Kitabu hiki mlichoshikilia kwa kidole. Mwenzake Rebmann alifika mwaka 1846, akakaa hadi 1875, akaondoka akiwa kipofu, na waamini waliomzunguka walikuwa wachache sana. Hawa hawakuona ninyi mtakavyojaa hapa leo. Waebrania 11:13 iliandikwa kwa ajili ya watu kama hao: walikufa katika imani, wasijazipokea ahadi, bali waliziona tokea mbali wakazishangilia.

Najua mtu anajiuliza, matendo je? Yakobo hakusema kwamba Abrahamu alihesabiwa haki kwa matendo, alipomtoa Isaka? Alisema, Yakobo 2:21. Lakini angalieni tena kalenda. Kumtoa Isaka ni Mwanzo 22, na Isaka ameshakuwa kijana wa kubeba kuni mlimani. Kuhesabiwa haki ni Mwanzo 15, kabla Isaka hajatungwa mimba. Imani ya sura ya 15 ilizaa utii wa sura ya 22, na Yakobo anasema kwa tendo lile andiko likatimizwa. Wala hatugombanishi mitume. Paulo anaongea na mtu anayetaka kulipia haki. Yakobo anaongea na mtu anayesema ana imani na jirani yake yuko uchi mlangoni.

Watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki waliielewa habari hii vizuri. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Dokta Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini, Rwanda, walikutana Kampala wakasoma Neno na kuomba pamoja. Miaka iliyofuata moto ukaenea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Watu wakaanza kurudisha vitu walivyoiba. Hawakuwa wakinunua msamaha. Walikuwa wamesamehewa, na mali ya wizi ikawa haikaliki ndani ya nyumba. Zakayo alifanya vivyo hivyo: Yesu aliingia kwake kwanza, akiwa bado mtoza ushuru mwenye jina baya, ndipo akasema nusu ya mali nawapa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Basi kama umedhulumu mpaka wa shamba la mjane, au umekaa na mshahara wa dada wa kazi miezi mitatu, usije hapa mbele kulia tu. Kesho asubuhi mlipe.

Na wewe mwenye imani ndogo, nisikilize kabla hatujaomba. Paulo anasema Abrahamu hakusita kwa kutokuamini. Lakini tunajua alimcheka Mungu moyoni, Mwanzo 17:17. Tunajua kwamba ndani ya mwaka uleule alioambiwa Isaka anakuja, kule Gerari, alisema tena kwamba Sara ni dada yake, mfalme Abimeleki akamchukua. Ahadi yote ilikuwa tumboni mwa Sara, na Abrahamu ameitoa kwa hofu! Mungu akamjia Abimeleki katika ndoto usiku, akailinda ahadi ambayo mwenye kuahidiwa ameshindwa kuilinda. Haki aliyohesabiwa haikufutwa. Imani yake ilikuwa na nyufa, lakini aliyeshikwa na imani ile hakuwa na ufa.

Yule baba mwenye mtoto aliyepagawa, katika Marko 9, alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumwambia nenda kaongeze imani kisha urudi. Alimponya mtoto palepale. Kama sala hiyo ndiyo uliyo nayo, iombe hiyohiyo.

Tutasimama sasa tuombe. Mtu anayetaka kumpokea Kristo, au aliyelemewa na mashaka, wazee wa kanisa watabaki hapa mbele hadi wa mwisho asikilizwe, na akina mama watakuwa upande wa kushoto kwa ajili ya dada zetu. Waliotoa fedha mahali fulani kwa kuahidiwa muujiza na sasa nyumbani hakuna kitu, njooni pia. Hatutawaaibisha, tutaangalia pamoja namna ya kusaidia. Wiki hii kila nyumba isome Mwanzo 15 hadi 17, kisha Warumi 4, kwa sauti, watoto wakiwepo. Tusimame.